Shajara ya kuupanda Ventoux kwa baiskeli, Januari hadi Septemba 2025

12 Januari

Naanza kuandika kabla sijanyonga hata kilomita moja, nisije nikadai baadaye kwamba mambo yalininyookea tangu mwanzo. Lengo ni kufika kilele cha Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa, nikiwa juu ya baiskeli. Kusimama kunywa maji ruksa. Kushuka na kuikokota ni kushindwa.

Mlima una urefu wa mita 1,910 hivi na umesimama peke yake katika jimbo la Vaucluse, hauna jirani wa kuukinga upepo. Lami inafika kileleni kwa njia tatu. Ya kutokea Sault ina kilomita 26 na ndiyo ya upole, wastani wa mwinuko haufiki asilimia 5, yaani mita 5 za kupanda kwa kila mita 100 za barabara. Ya Malaucène ni kilomita 21 na ni ngumu. Ya Bédoin ni kilomita 21 na nusu, unapanda takriban mita 1,600, na hiyo ndiyo ambayo Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, huipenda. Nimechagua Bédoin kwa ubishi tu, sina sababu nyingine.

Wastani wa njia ya Bédoin ni kama asilimia 7.5, ila ukiuamini wastani huo utaumia. Kilomita 6 za mwanzo ni mashamba ya mizabibu na mwinuko wa kawaida. Kisha kuna kona ya kushoto mahali paitwapo Saint-Estève, barabara inaingia msituni, na kwa zaidi ya kilomita 9 mwinuko unacheza kwenye asilimia 9 bila sehemu ya kupumzikia. Unatokea Chalet Reynard, penye mgahawa, mita 1,400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Zinabaki kilomita 6 za mawe meupe ya chokaa, hakuna mti.

Nilichonacho: baiskeli ya alumini ya miaka kumi, breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu), krenki (magurudumu ya meno ya mbele, penye pedali) ya meno 50 na 34, kaseti (rundo la magurudumu ya meno ya gia) ya nyuma 11 hadi 28. Mimi kilo 74. Nikijumlisha baiskeli, nguo na chupa mbili zilizojaa, tunafika kilo 86. Nimejipima kwenye mashine ya kunyongea ndani: naweza kushikilia kama wati 190 kwa saa nzima.

2 Februari

Leo sikupanda baiskeli, nilishika kalamu.

Kusukuma kilo 86 kwenye asilimia 9 kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kunahitaji kama wati 180. Kwa kilomita 10 kwa saa ni wati 230. Maana yake sina uchaguzi: kwenye ule msitu nitakwenda kilomita 8 kwa saa, kwa zaidi ya saa moja.

Sasa gia. Meno 34 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali unanisogeza mita 2.55. Kwa kilomita 8 kwa saa hiyo ni mizunguko 52 kwa dakika. Ukitaka kujua mizunguko 52 ni kitu gani, panda ngazi umebeba gunia, kila hatua uisukume kwa goti. Nikiweka meno 34 nyuma, mzunguko mmoja unakuwa mita 2.1 na miguu inageuka mara 63 kwa dakika. Nguvu inayotumika ni ileile, lakini mzigo wa kila kanyagio unapungua karibu moja ya tano. Nimeagiza kaseti ya 11 hadi 34 na mnyororo mpya. Euro 38 na euro 24.

16 Februari

Hapa ndipo nilipoharibu, na naeleza kirefu kwa sababu kosa lenyewe ni la kijinga na rahisi kulirudia.

Kaseti iliingia vizuri. Mnyororo mpya niliulaza sambamba na ule wa zamani, nikahesabu pingili, nikaukata ukawa sawasawa. Nilijiona fundi. Sikufikiria kwamba gurudumu la meno 34 ni kubwa kuliko la 28, kwa hiyo mnyororo una safari ndefu zaidi ya kuzunguka.

Kosa la pili: kihamisha mnyororo changu cha nyuma kina mkono mfupi, kimetengenezwa kwa meno 28 mwisho. Nilisoma mahali kwamba ukikaza skrubu ndogo inayokisogeza mbali na kaseti, kitapita. Nikaikaza mpaka mwisho. Kilipita kweli, ila kigurudumu chake cha juu kikawa kinasaga meno ya kaseti kwa sauti kama mtu anatafuna changarawe. Nikasema hiyo sauti itazoeleka.

Kwenye jaribio la kwanza nje, nikiwa meno 50 mbele, nikabonyeza gia bila kuangalia na mnyororo ukapanda kwenye 34 nyuma. Ulikaza kama waya wa gitaa. Kihamisha mnyororo kikavutwa mbele hadi kikanyooka kabisa, pedali zikagoma, nami nikaanguka ubavu nikiwa nimesimama, miguu bado imefungwa kwenye pedali. Goti lilichubuka kidogo. Kile kipande cha alumini kinachoshikilia kihamisha mnyororo kwenye fremu kikapinda. Bahati ni kwamba kimetengenezwa laini makusudi ili kipinde chenyewe badala ya fremu.

1 Machi

Marekebisho. Kipande kipya cha alumini, euro 18. Kihamisha mnyororo chenye mkono mrefu, kilichokwisha tumika, euro 30. Mnyororo mwingine, euro 24, maana uliokatwa mfupi haurefuki. Fundi, euro 25 za kunyoosha na kurekebisha gia. Alipouona ule mnyororo hakusema neno, aliushika tu kwa vidole viwili akautazama.

Njia yake ya kupima ni hii: unazungusha mnyororo kwenye gurudumu kubwa la mbele na kubwa la nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha mnyororo, unaukutanisha, unaongeza pingili mbili, basi. Dakika tatu. Nilichofanya mimi kilinichukua Jumamosi nzima.

Machi hadi Mei

Mazoezi, kwa ufupi. Siku nne kwa wiki. Mbili kwenye mashine ya ndani, vipande vya dakika 15 hadi 20 kwa wati 175 hadi 190, mara tatu. Moja ndefu ya taratibu. Moja kwenye kilima.

Ninakoishi ni tambarare. Kilima pekee cha maana kina kilomita 2 na mwinuko wa asilimia 6, yaani mita 120 kila upandapo. Nilianza na mara nne, nikaongeza moja kila wiki. Wenye bustani za njiani waliacha kunisalimia, wakawa wananihesabia.

Jambo moja lililonishtua: nilikuwa na nguvu kwenye mashine, lakini kilimani mgongo wa chini ulikuwa unawaka. Kwenye mashine baiskeli imelala sawa na sakafu. Mlimani gurudumu la mbele liko juu, nyonga zinarudi nyuma ya tandiko na mgongo unafanya kazi usiyoifahamu. Tiba ilikuwa rahisi: kipande cha mbao chini ya gurudumu la mbele, sentimita 9, kwa sababu kati ya gurudumu na gurudumu ni karibu mita moja. Wiki ya kwanza niliichukia ile mbao. Ya tatu mgongo ulinyamaza.

25 Mei

Mazoezi ya mwisho makubwa: kilima mara 13, mita 1,560 za kupanda. Saa tatu na dakika 40 pamoja na kushuka. Kipimo kipya: wati 220 kwa saa nzima. Ndio mwanzo wa kiburi.

20 Juni: jaribio la kwanza

Nilishuka kwenye treni Avignon siku moja kabla, nikanyonga kupitia Carpentras hadi Bédoin, kilomita 40 hivi. Njia nzima mlima uko mbele yako na kichwa cheupe. Mgeni hudhani ni theluji. Ni mawe. Miti ya Ventoux ilikatwa kwa karne nyingi, mingine ikaishia kwenye meli zilizojengwa Toulon, na msitu unaouona leo ulianza kupandwa upya katika karne ya 19.

Niliondoka Bédoin saa 4:20 asubuhi. Hilo ni kosa la kwanza, nilichelewa kwenye kifungua kinywa na picha. Nyuzi joto 29. Kwenye mizabibu nilikuwa nakwenda kilomita 18 kwa saa, najisikia mtu. Saint-Estève nikakunja kushoto na wenzangu wanne nisiowajua, nikang'ang'ana nao. Kipima nguvu kilisoma 235. Nilikiona. Nilijiambia kinakosea.

Msituni hakuna upepo hata kidogo na nzi wanakwenda kwa mwendo wako uleule. Barabara hainyooki wala haipindi vya kutosha kukupa kitu cha kutazama. Kilomita tano nilizimudu. Mapigo ya moyo yalifika 178. Kisha paja la kushoto likakaza ghafla kama limeshikwa na koleo, nikatoa kiatu kwenye pedali kwa shida nikasimama nimeegemea ukingo wa barabara. Mama mmoja mwenye mvi, niliyempita kwa mbwembwe kule chini, akanipita bila kugeuza kichwa. Miguu yake ilikuwa inazunguka haraka kama anasaga kahawa, baiskeli inatambaa. Gia zake zilikuwa nyepesi kuliko zangu.

Niliikokota baiskeli kama mita 900. Mradi ukafa hapo kwa sheria niliyojiwekea, na vibati vya plastiki chini ya viatu, vinavyonasa kwenye pedali, vikaliwa na lami hadi havishiki tena vizuri. Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Chalet Reynard nilifika baada ya saa mbili na dakika tano.

Nikatoka kwenye miti, na mistral alikuwa ananisubiri. Ule upepo wa kaskazini sikuwa nimeuhisi kabisa, kwa sababu upande wa Bédoin unatazama kusini na mlima wenyewe ulikuwa umenikinga. Juu pale watu walikuwa wanatembea wameinamia baiskeli zao. Nilijaribu mita 800. Penye kona upepo mmoja wa ghafla ukanihamisha kutoka ukingo wa kulia hadi upande wa magari yanayoshuka. Nikageuza. Mwaka 2016 Tour de France yenyewe ilikatisha mashindano Chalet Reynard kwa sababu ya upepo, na ndiyo siku Chris Froome alionekana akikimbia kwa miguu baada ya kugonga pikipiki. Mimi ni nani nibishe.

Kushuka nako nilikosea. Niliogopa, nikashika breki mfululizo kwa kilomita nzima-nzima. Nikasikia harufu ya raba. Niliposimama nikadondosha maji ya chupa kwenye rimu, yakachemka na kupotea. Rimu ikipata joto namna hiyo inaweza kupasua tyubu, na pancha ya gurudumu la mbele kwenye mteremko wa asilimia 9 sitaki kuiwaza.

Safari hii ilinila euro 310 za treni na kulala.

22 Julai

Leo waendeshaji wa Tour walimalizia Ventoux, Mfaransa Valentin Paret-Peintre akashinda. Nilitazama kwenye televisheni nikiwa nimeshika daftari, maana nilitaka kuona wanavyokunja Saint-Estève. Kona ileile iliyonichukua dakika ya kutweta, wao waliipita kama wanageuka kwenda dukani. Sikujifunza chochote cha kunifaa. Ila nimefanya uamuzi: Septemba, mara ya pili.

10 Agosti

Nilichobadilisha. Sikuongeza mazoezi, niliyapunguza. Tatizo la Juni halikuwa miguu. Mtu mwenye wati 220 kwa saa aliyeingia msituni na 235 alikuwa ameshaandika matokeo yake kwenye kona.

Kwa hiyo: mwisho wa juu ni wati 180 msituni, hata nipitwe na mtoto. Mizabibuni nisizidi 150. Nimekibadilisha kioo cha kompyuta ya baiskeli kionyeshe nguvu na saa tu. Kasi nimeiondoa. Kuiona namba 7.9 kunamfanya mtu afanye mambo ya aibu.

Chakula: Juni nilikula kipande kimoja cha keki kwa saa mbili. Sasa ni gramu 60 za wanga kila saa, naanza dakika ya 20, njaa iwepo isiwepo. Kengele ya saa ya mkononi inalia kila dakika 20.

Breki: raba mpya, euro 14. Na mazoezi kwenye kilima changu: kuacha baiskeli ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka, kukaa wima ili kifua kiwe tanga, kubana kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kuachia kabisa. Rimu zinapoa kati ya kona na kona. Siku ya tatu mkono ulishaacha kuogopa.

13 Septemba: jaribio la pili

Nimekaa Bédoin siku mbili nasubiri upepo. Jana ilikuwa mbaya. Leo utabiri ulisema kilomita 15 kwa saa kileleni, nikaondoka saa 1 kamili asubuhi na taa zinawaka. Nyuzi joto 13.

Mizabibuni, wati 150. Ni mwendo wa kuchosha akili, kila mtu anakupita. Saint-Estève baada ya dakika 23. Nikabadilisha hadi gia ya mwisho kabla kona haijanilazimisha, nikakaa.

Msituni hakuna la kusimulia na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. 175, 178, 172. Vijiwe vya kilomita pembeni vinahesabu kilichobaki hadi kileleni. Kwenye lami kuna majina yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe na mashabiki, na kwa mwendo wangu niliyasoma herufi kwa herufi. Niliwapita watu wanne waliosimama. Pale nilipoegemea mwezi Juni niliutambua ukingo wenyewe, nikala kipande cha ndizi makusudi.

Chalet Reynard kwa saa moja na dakika 35. Nikasimama dakika nne: maji, koti jepesi, glavu. Nikasitisha kompyuta ya baiskeli ili isihesabu mapumziko. Kumbuka hapo.

Kilomita 6 za mwisho ni mtihani wa macho. Mnara mweupe na mwekundu unauona tangu unapotoka kwenye miti, na haukaribii. Kila kona unadhani ndiyo. Hewa nayo imeanza kupungua: kileleni mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa baharini, na nililihisi hilo kila nilipozidisha nguvu kidogo, pumzi haikurudi haraka. Nikashuka hadi 165 kwa hiari.

Kilomita moja na nusu hivi kabla ya mwisho, mkono wa kulia, kuna jiwe la kumbukumbu ya Tom Simpson, Mwingereza aliyeanguka hapo na kufariki tarehe 13 Julai 1967 akiwa kwenye Tour. Joto, pombe na dawa za kuongeza nguvu vilikutana mwilini mwake siku hiyo. Waendeshaji huacha chupa na kofia kwenye ngazi. Nilipita polepole na sikusimama. Niliogopa kwamba nikisimama sitaweza kuanza tena kwenye mwinuko ule.

Kipitio cha Tempêtes, yaani Dhoruba, leo kilikuwa na upepo wa kupepea nguo tu. Kona ya mwisho inakunja kulia na ni kali kuliko zote. Nikabonyeza nitafute gia nyepesi zaidi. Haikuwepo. Nikasimama juu ya pedali kwa mara ya kwanza tangu Bédoin, nikazungusha mara ishirini na kitu, nikafika kwenye kibao.

Saa mbili na dakika 23 kwa saa ya mkononi. Nilipotazama kompyuta ya baiskeli, ilikuwa bado imesitishwa tangu Chalet Reynard. Kwa hiyo ushahidi wa kidijitali wa jaribio langu unaonyesha mtu aliyeishia penye mgahawa, kama Juni.

Kileleni nyuzi 6. Nilinunua gazeti jana Bédoin, nikalikunja na kulitia chini ya jezi kifuani, ujanja wa zamani wa waendeshaji wa mashindano. Linafanya kazi kuliko koti langu. Nilishuka nikisimama mara mbili kuzipoza rimu na kufufua vidole. Nilipodondosha maji kwenye rimu, hayakuchemka.

20 Septemba

Hesabu. Vipuri na fundi vilifika euro 173, na kati ya hizo kama 67 ni za ule mnyororo uliokatwa mfupi na madhara yake: kipande cha alumini, mnyororo wa pili na fundi. Kihamisha mnyororo ningekinunua tu. Safari ya kwanza 310, ya pili 290. Jumla euro 773. Vibati vya viatu nilikuwa na akiba, sijavihesabu.

Raba za breki zimeliwa nusu kwa siku moja, nitaweka nyingine. Kaseti inabaki, hata kwenye kilima changu nimegundua naitumia ile 34 bila aibu. Barabara ya juu hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya theluji, kwa hiyo upande wa Malaucène utangoja hadi ifunguliwe mwakani.

Jezi imefuliwa mara mbili na wino wa gazeti haujatoka. Kifuani pangu nako ulibaki siku tatu. Nikisimama mbele ya kioo nilikuwa nausoma utabiri wa hali ya hewa wa Vaucluse ukiwa umenyooka kabisa: upepo hafifu, jua.